Sigara? Acha Tu!

Jumanne ile, meneja wa kampuni ya sigara alipofika kwenye ukurasa wa maneno ya onyo, alifunga faili lake, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Hapa hatuna pingamizi."

Chumba kizima kilishusha pumzi. Mimi peke yangu nilizuia yangu.

Yule bwana alikuwa amepinga kila kitu tangu tuanze. Alipinga ukubwa wa picha. Alipinga rangi ya pakiti, akasema rangi ya tope itawachanganya wauzaji. Alipinga neno "mapafu", akadai linatia hofu isiyo ya lazima. Siku moja alipinga hata tarehe ya kikao. Sasa amefika kwenye maneno makubwa kuliko yote, yatakayokaa juu ya kila pakiti nchini, yaliyotungwa kumwambia mteja wake aache kununua bidhaa yake, naye anatabasamu kama mtu aliyekaribishwa chakula.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: SIGARA? ACHA TU!

Mimi ni mhariri wa lugha wa kitengo cha kudhibiti tumbaku, wizara ya afya. Ni cheo kirefu kwa kazi ya kupanga nukta na mikato. Wakili, mwanasheria wetu, ambaye hawezi kukaa na mtu siku mbili bila kumbatiza, alinipa jina la Bi Nukta wiki yangu ya kwanza. Alisema ni kwa sababu ya kazi yangu, na kwa sababu kwenye vikao nipo kama nukta: lazima mtu ainamie karatasi ndipo anione. Sikukasirika, maana ni kweli. Mbele ya watu zaidi ya watatu sauti yangu hujificha kama mtoto aliyevunja sahani.

Tuko watano, ghorofa ya pili, kwenye meza moja ndefu. Katikati ya meza kuna kisahani cha majivu cha kioo, kizito, kilichobaki kutoka enzi za maofisa waliovuta humu humu ndani huku wakiandika ripoti za kifua kikuu. Siku hizi tunawekea klipu za karatasi.

Mkurugenzi wetu, ambaye sote tunamwita Mama, ndiye aliyeipigania sheria ya tumbaku kwa miaka sita. Hatukuwa tunabuni jambo geni. Nchi nyingi zilikwisha kututangulia, nasi tulisoma walichofanya na kilichowafaa. Sheria ilipopita, mabango ya sigara yalishushwa barabarani. Wavutaji walitolewa nje ya ofisi, mabasi na migahawa. Maduka yalikatazwa kuuza sigara mojamoja. Kodi ikawa inapanda kila mwaka bila kungoja kubembelezwa. Kilichobaki kilikuwa pakiti yenyewe: picha kubwa, rangi isiyopendeza, na maneno mapya. Waziri angetia sahihi kanuni hizo Jumatatu. Baada ya hapo viwanda vingetengeneza mabamba ya kuchapia, na maneno yasingeguswa tena kwa miaka mitatu.

Onyo la zamani lilikuwa ubavuni mwa pakiti, kwa herufi za mchwa: "Uvutaji wa sigara ni hatari kwa afya yako." Watu walikuwa wameacha kuliona, kama ambavyo mtu haoni tena maandishi ya "Usiteme mate" kwenye ukuta anaopita kila siku. Mama alitaka maneno yanayosemwa na watu, si yanayosomwa na mahakimu. Ndipo siku moja aliinuka, akaandika ubaoni: "Sigara? Acha tu." Akasoma kwa sauti yake ile ya kuita majina, nzito na kavu. Sote tulipenda. Yalikuwa mafupi. Yalikuwa ya kwetu.

Karatasi ilipokuja kwangu, nilifuta nukta nikaweka alama ya mshangao. Niliona amri inahitaji nguvu.

Kwa hiyo siku ya Jumanne, kikao kilipoisha, nilikuwa nakusanya karatasi zangu karibu na ngazi wakati yule meneja aliponipita. Ni mtu mpole, siwezi kumsingizia. Humpisha kila mwanamke mlangoni. Alisimama ngazi mbili chini yangu akageuka.

"Wewe ndiye mwandishi wao, siyo?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Hongera sana, binti. Kiswahili kitamu hicho."

Akashuka akipiga mluzi. Neno "kitamu" likabaki pale nami. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia onyo ni tamu.

*

Nikitoka kazini hupita kwa Mjomba, kaka yake mama yangu, fundi cherehani. Chumba chake kiko nyuma ya ofisi za manispaa: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na magauni yaliyoning'inia yakisubiri wenyewe. Anatumia chumba hicho pamoja na mama mmoja anayeshona vifungo na kufuma matundu yake, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Mlangoni kuna stika nyekundu ya serikali inayokataza kuvuta mahali pa kazi. Mama Vifungo aliibandika mwenyewe siku ilipotolewa, kwa gundi ya viatu, ili Mjomba asipate kuibandua.

Nilimkuta Mjomba nje, kwenye benchi lake la uhamishoni, jua la saa kumi likimpiga magotini, sigara mkononi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umetoka kazini au wamekufukuza?"

"Nimetoka."

"Mbona uso umekunjamana kama kitani? Ingia ndani Mama Vifungo akupige pasi."

"Muache mtoto," Mama Vifungo alisema kutoka ndani. "Uso wake hauna shida. Ni moshi wako unamfanya ahangaike."

Sikujua nianzeje, kwa hiyo sikuanza. Nilitoa rasimu ya pakiti kwenye mkoba nikampa. "Nisomee hii, Mjomba. Kwa sauti."

Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipata. Kisha akafanya kitu ambacho sitakisahau. Alifumba macho nusu, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayekumbuka usingizi wa Jumapili, akasoma:

"Sigaraaa? We, acha tuuu!"

Neno "we" halikuwepo kwenye karatasi. Alilitia mwenyewe, kama chumvi.

Ndani, cherehani ya Mama Vifungo ilisimama. "Hebu rudia."

"Sigaraaa? Acha tuuu!"

"Loo! Hata mimi nisiyevuta nimetamani."

"Kampuni gani hii?" Mjomba aliniuliza akiigeuza karatasi. "Wamepata mtunzi safari hii. Miaka yote wanatuletea farasi na milima. Hii sasa imetoka mdomoni mwa mtu."

"Ni wizara, Mjomba," nilisema. "Ni onyo."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akapiga benchi kwa kiganja, na Mama Vifungo akatoka nje na sindano mdomoni kuja kucheka karibu zaidi. Halafu kicheko cha Mjomba kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu kuliko kicheko. Tulikisubiri kiishe.

Ndivyo nilivyoelewa. Ofisini tulijua tunachotaka kusema, kwa hiyo kila mmoja wetu aliyasoma kwa sauti ya amri. Lakini karatasi haina sauti. Mtaani, mtu akikuuliza habari za sherehe ya jana nawe ukajibu "acha tu", hukumkataza kuuliza. Umemwambia ilikuwa nzuri kupita maneno. Tulikuwa tumeandika sifa. Tena alama ya mshangao, ile niliyoiweka mimi kwa mkono wangu, ndiyo iliyolifungulia mlango shangwe lote hilo.

Na pakiti hiyo ingekaa miaka mitatu kwenye kila kibanda, kila mfuko wa shati, ikijisifu.

"Sasa wewe, Mjomba," niliuliza, "ungependa uandikiwe nini?"

"Mimi? Nani anasoma pakiti?"

"Lakini umepunguza."

"Mimi sijapunguza kitu. Nimepunguzwa."

Alisema kweli kabisa. Sijawahi kumsikia Mjomba akiamua kupunguza sigara. Alikuwa akivuta pakiti nzima kwa siku, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Sheria ilipomtoa nje ya chumba, na yeye ni mvivu wa kuinuka, zikabaki kumi na nne. Kibanda cha jirani kilipokatazwa kuuza mojamoja, zile za kupita tu, za "nipe moja nisogeze muda", zikafa. Kodi ikala nyingine. Siku hizi anavuta nane, na kila moja ameiwekea kinyongo na serikali. Lakini ni nane. Nilipokuwa mdogo nguo zangu za shule alizonishonea zilinuka moshi hadi nikaitwa Jiko. Mwaka huu amenishonea sketi tatu, zinanuka pasi.

"Tatizo lenu nyinyi," alisema, akizima kile kipisi kwenye mkebe wa rangi, "mnasema acha, acha. Mama yako tangu niko kijana: acha. Daktari wa kifua: acha. Huyu hapa, mara nne kwa siku: acha."

"Mara tano," alisema Mama Vifungo.

"Mnaona? Utafikiri kuacha ni kitu nimekificha mfukoni nakataa kukitoa. Mimi nilishajaribu mara mbili, mpwa wangu, na mama yako hajui. Siku tatu tatu. Hakuna aliyekaa nami akasema, wewe fulani, unaweza, haya anzia hapa. Nikarudi zangu kwenye benchi."

Hakusema kwa huzuni. Alikuwa analalamika tu, kama anavyolalamikia wateja wanaonenepa kati ya kupimwa na kuvaa. Nilichukua chaki yake ya kuchorea nguo nikaandika neno moja pembeni ya karatasi: unaweza.

*

Jumatano sikwenda moja kwa moja kwa Mama. Niliogopa, na pia nilitaka uhakika. Kicheko cha mtu mmoja si ushahidi, hata kama mtu huyo ni mjomba wako. Nilibeba ile rasimu nikamwomba kila niliyekutana naye aisome kwa sauti, bila kumwambia ni nini. Ukimwuliza mtu maoni anakupa maoni. Ukimwomba asome, anakupa ukweli bila kujua.

Nilianza na mlinzi wa getini, kisha kinyozi wa mtaa wa pili na mteja wake mwenye povu nusu ya uso. Mwuza magazeti. Watu wa foleni ya bili za maji. Kwa jumla walisoma kumi na mmoja. Tisa walisoma kama Mjomba. Kinyozi alitia na mluzi. Wa kumi alikuwa mwalimu mstaafu, akasoma kama amri, kisha akaniuliza kwa nini si sentensi kamili. Wa kumi na moja hakuwa na miwani, akasoma "Sukari".

Niliandika ukurasa mmoja. Niliandika kila kitu, na mwisho nikaandika kwamba alama ya mshangao ilikuwa kosa langu. Kisha nikasimama nje ya mlango wa Mama kwa muda mrefu, hata mhudumu wa chai akapita mara mbili, mara ya pili akaniambia, "Ingia basi, hang'ati."

Mama alisoma ukurasa wangu amesimama. Alipomaliza, alikaa. Alivua miwani akaishika kwa mikono miwili. Maneno yale yalikuwa yake. Katika kanuni za kurasa tisini zilizoandikwa na kamati na kamati ndogo, yalikuwa maneno pekee aliyoyatunga yeye mwenyewe, na nilijua alikwisha kuwasomea watoto wake nyumbani.

"Alama hii ya mshangao," alisema.

"Mimi, Mama. Ya kwako ilikuwa nukta."

"Basi tumeharibu wawili." Akainamisha sikio kwangu. "Wanasomaje? Nisikie."

Nilijaribu. Sauti yangu ilitoka kama ya simu iliyoishiwa chaji, lakini alielewa mwendo wake. Akajaribu yeye. "Sigara? Acha tu!" Ilikuwa kama askari anakagua magodoro. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Unaona? Mimi hata kukosea vizuri siwezi." Akavaa miwani. "Kesho ni kikao cha mwisho. Utasema wewe."

"Mama, mimi siwezi. Nitaandika, wewe usome."

"Nikisoma mimi, yatakuwa maneno ya mkurugenzi aliyebadili nia dakika ya mwisho, na yule bwana atanila mzima. Wewe ndiye uliyekwenda kwa kinyozi." Kisha akaongeza, polepole zaidi, "Na uje na kitu cha kuweka mahali pake. Sitaki kuingia pale na shimo."

Sikuwa na haja ya kulitafuta mbali. Ghorofa ya chini ya jengo letu kuna chumba chenye simu tatu na wauguzi wawili. Ni simu ya bure ya kuwasaidia wanaotaka kuacha tumbaku. Ilifunguliwa mwaka uliotangulia kwa hotuba na mkasi wa utepe. Wauguzi wale wamefunzwa vizuri. Wanajua kumuuliza mtu, kumpangia siku, kumpigia tena baada ya siku tatu anapokaribia kushindwa. Lakini namba haikuandikwa popote watu wanapoangalia, kwa hiyo simu zilikuwa hazilii. Siku ile nilipochungulia, mmoja alikuwa anajaza fumbo la gazeti na mwingine anamsaidia.

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikuandika tena. Nilikuwa na sentensi mbili, na zilinitosha.

*

Chumba cha vikao kina maikrofoni yenye kitufe kwa kila kiti. Ukikibonyeza, taa nyekundu inawaka na watu wote wanageuka. Mwaka na nusu nimekaa nyuma ya taa hiyo bila kuiwasha.

Katibu Mkuu aliongoza kikao. Alifika kwenye ukurasa wa maneno, akauliza kama kuna la kuongeza, macho yake tayari yako ukurasa unaofuata. Wakili alinipiga kiwiko. Mama hakunitazama, na ninashukuru kwamba hakunitazama.

Nilibonyeza. Taa ikawaka. Watu wakageuka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," nilisema, "maneno haya... mtaani yanasomwa vingine."

"Sauti tafadhali," alisema mtu wa mwisho wa meza.

Nilieleza. Nilisema kuhusu watu kumi na mmoja. Nilipofika kwenye namna wanavyosoma, nilifanya nilivyoweza, yaani vibaya, na watu wawili waliandika kitu kwenye madaftari yao kwa adabu. Nilihisi chumba kinaniponyoka.

Meneja wa kampuni aliwasha taa yake bila haraka. "Mheshimiwa, nampongeza binti yetu kwa juhudi. Lakini maneno haya yalikubaliwa Jumanne. Sisi tumeyapokea kwa moyo mmoja. Hata wachapaji tumeshawaarifu. Kusema kweli, hili ni suala la lafudhi tu. Amri ni amri."

"Muhtasari wa Jumanne haujasainiwa," alisema Wakili, kama anayetaja hali ya hewa.

"Lakini moyo wake umesainiwa."

"Moyo hausainiwi, ndugu yangu. Unapimwa. Nenda kliniki, ghorofa ya kwanza."

Watu walicheka kidogo, na kicheko hicho kikanipa nafasi ya kupumua. Nilimtazama meneja. Nikakumbuka ngazi, na lile neno lake, "kitamu". Alijua. Tangu Jumanne alijua, na alikuwa ametegemea kwamba hakuna mtu mle ndani anayezungumza Kiswahili cha mtaani akiwa ofisini. Hofu yangu haikuondoka, lakini ilisogea, ikakaa pembeni kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kiti.

"Naomba basi," nilisema, "meneja atusomee yeye. Kwa sauti. Mara moja tu."

Meneja aliisukuma karatasi kando.

"Mimi si mtangazaji wa redio," alisema.

"Ni maneno mawili baada ya swali," alisema Katibu Mkuu, ambaye sasa alikuwa ameacha kabisa ukurasa unaofuata. "Tusomee, bwana."

Alishika karatasi. Niliona anavyojipanga: alikaza taya, akanyoosha mgongo, akaamua kusoma kama karani wa mahakama. "Sigara," alisema, kavu kabisa. Akatulia. Lakini ile alama ya kuuliza ilikuwa pale, na sauti ya mtu anayeuliza ikishapanda haina budi kushuka mahali. "Acha," alisema, bado amejikaza, na "tu" ikamtoka peke yake, ikapanda, ikavutika, ikapinda mwishoni kama mkia wa paka.

Chumba kilipasuka. Katibu Mkuu alifunika uso kwa kanuni za wizara. Mtu wa mwisho wa meza, yule wa "sauti tafadhali", alirudia, "Acha tuuu!" na kila aliyeirudia aliifanya kuwa tamu zaidi. Meneja alijaribu kubaki na uso wake, akashindwa, akacheka naye. Nadhani lugha ilikuwa imemshinda kwa haki, naye alijua.

"Haya," Katibu Mkuu alisema, akifuta macho. "Tumeelewa. Badala yake tunaweka nini? Achana na sigara?"

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Wakili. "Achana naye ni kusema usimsumbue. Tutakuwa tumeziwekea ulinzi."

Kila mtu akanigeukia. Taa yangu ilikuwa bado inawaka. Nilikuwa nimesahau kuizima.

"Unaweza kuacha kuvuta," nilisema. "Piga simu hii bure, tukusaidie. Halafu namba."

"Unaweza," alirudia Mama, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Hakuna namna ya kuisoma hiyo ikawa sifa ya sigara," nilisema. "Nimeijaribu asubuhi. Mlinzi wa getini aliisoma, kisha akaninyang'anya karatasi aandike namba."

Meneja alisema namba itakula nafasi ya nembo. Katibu Mkuu alimwambia ndiyo, itaila. Alisema maneno ya Jumanne yangeweza kupita kwa sababu tu hakuna aliyeyapinga, na kwamba siku nyingine kampuni ikikosa pingamizi aitwe kwanza yule binti. Kisha akamgeukia Mama. "Watu wakipiga, kuna wa kupokea?"

"Wapo wawili," alisema Mama. "Wanamaliza fumbo."

Alichukua kalamu yake nyekundu, akapiga mstari juu ya maneno yake mwenyewe, mstari mmoja mnyoofu, akanisukumia karatasi niandike mapya. Baadaye, kwenye korido, aliniambia tu, "Safari ijayo usisimame nje ya mlango wangu muda wote ule. Chai yangu ilipoa."

*

Pakiti mpya ziliingia madukani miezi saba baadaye. Hazikuwa nzuri, na hilo ndilo lililokusudiwa: rangi ya tope, picha ambayo Mjomba alinirudishia akisema nimemharibia chakula cha mchana, na chini ya picha, kwa herufi ambazo hata mtu asiye na miwani hawezi kuziita sukari, sentensi zangu mbili na namba.

Wiki ya kwanza simu zililia, lakini kwa njia yake. Watu wa nchi yetu wamezoea kwamba namba kwenye pakiti ni bahati nasibu. Siku nzima wauguzi walikuwa wakisema, "Hapana, baba, hujashinda pikipiki." "Hapana, dada, hata redio hatuna." Lakini wengi wao, wakishacheka na kutukana kidogo, hawakukata. Walikuwa wamekwisha piga, na upande wa pili kulikuwa na mtu mpole, na simu ilikuwa ya bure. Kufikia wiki ya tatu hakuna aliyeuliza tena pikipiki. Muuguzi mkuu alipanda juu kutuambia wamelazimika kuomba mtu wa tatu, na kwamba gazeti lina siku kumi halijafunguliwa.

Nilishuka siku hiyo kuwapelekea karatasi ya maswali niliyokuwa nimeinyoosha lugha. Wote wawili walikuwa kwenye simu. Mmoja alikuwa akimwambia mtu kwamba siku ya tatu ndiyo ngumu na kwamba atampigia yeye mwenyewe kabla haijaisha. Simu ya tatu, ile isiyo na mtu, ikaanza kulia.

Muuguzi mkuu alinitazama. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo alinyoosha kidevu: pokea.

Nilitikisa kichwa kukataa. Akanyoosha kidevu tena, kwa nguvu.

Nilikaa. Nikainua mkono wa simu. "Habari za saa hizi. Umepiga simu ya kusaidia kuacha tumbaku."

Palikuwa na kelele za karakana nyuma yake, chuma kikigongwa. Mwanamume mzima, kwa sauti yake, na mwenye haya. Mtu mwenye haya humtambua mwenzake.

"Hapo ndipo," alisema, akasita, "ndipo kwa wale wanaosema naweza?"

"Ndipo," nilisema.

"Haya. Niambieni naweza vipi. Maana mimi ninavyojijua..."

Nilivuta karatasi yangu karibu. Swali la kwanza nilikuwa nimelihariri mwenyewe, nikaliondolea maneno manne yasiyo na kazi. Nililisoma, na sauti yangu ilifika mwisho wa sentensi bila kujificha popote.

"Asubuhi ukishaamka, unakaa muda gani kabla ya kuvuta ya kwanza?"

Alifikiri. Nyuma yake kile chuma kilinyamaza, kana kwamba karakana nzima inasikiliza.

"Dada," alisema, "nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Ya kwanza huwa navuta kabla sijaamka vizuri."

"Sawa," nilisema, nikaandika. "Tutaanzia hapo."